Pete ya Fedha na Mkono wa Fundi

Wahenga walisema kwamba chanda chema huvikwa pete. Methali hii yasifu kidole, na kwa njia ya kidole yamsifu mtu mwenye tabia njema, kwamba hatakosa ujira wake. Walakini haisemi neno juu ya pete yenyewe, wala juu ya mtu aliyeketi mbele ya makaa akaifanya. Katika insha hii tutakiacha kidole kwa muda, tuitazame pete: fedha yake ilitoka wapi, ncha zake ziliunganishwa kwa hila gani, na mtu aliyeivaa aliwezaje kuamini kwamba alichopewa ndicho alicholipia. Maswali haya yaonekana madogo. Lakini historia tuisomayo aghalabu ni ya masultani, majemadari na mabaharia, kwa kuwa hao ndio walioandikwa. Sonara hakuandikwa. Tukitaka kumjua, hatuna budi kukisoma kile alichokifanya kwa mikono yake.

Tuanze na neno lenyewe. Fedha ni neno lililotoka katika Kiarabu, na huko maana yake ni ile madini nyeupe ing'aayo. Katika Kiswahili neno hilo lina maana mbili: ni madini, na tena ni mali tunayonunulia vitu sokoni. Leo mtu aweza kujaza mfuko wake fedha, kumbe hana hata chembe moja ya madini hayo. Zamani haikuwa hivyo. Sarafu ilikuwa madini, na madini ilikuwa sarafu; ndiyo maana jina moja lilitosha vitu viwili. Lugha yetu imehifadhi habari ambayo mifuko yetu imekwisha kuisahau.

Sehemu kubwa ya fedha waliyoifanyia kazi masonara wa pwani ilikuja kwa njia ya bahari, katika biashara ya pembe za ndovu, boriti, nafaka na bidhaa nyingine. Ujuzi wa kuifua ni wa kale sana. Mwaka 1980 wataalamu wa mambo ya kale walianza kuchimba magofu ya Shanga katika kisiwa cha Pate, na miongoni mwa vitu walivyovipata ni sarafu ndogo sana za fedha zilizogongwa na watu wa pwani wenyewe zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Mwaka 1984, huko Mtambwe Mkuu katika kisiwa cha Pemba, ilifukuliwa akiba ya sarafu zaidi ya 2,000 za fedha, pamoja na dinari chache za dhahabu, iliyofukiwa katika karne ya 11. Mtu awezaye kuyeyusha fedha, kuipima, kuigawa vipande vidogo vilivyo sawa na kuipiga chapa, huyo hashindwi kufanya pete. Kwa hiyo twaweza kusema bila shaka kwamba mafundi wa madini hizi walikuwapo katika miji yetu tangu zamani za mwanzo wa miji hiyo.

Basi mbona pete zao hatuzioni kwa wingi? Jawabu ni kwamba madini haya hayafi, ila hubadili sura. Mfano mmoja mkubwa watosha kulieleza jambo hili. Mwaka 1502 Vasco da Gama alifika Kilwa na merikebu zake za vita, akamlazimisha mtawala wa mji huo kutoa kodi ya dhahabu kwa mfalme wa Ureno. Dhahabu ile ilipelekwa Lisbon, na Mfalme Manuel I akaamuru ifanywe chombo cha ibada kwa ajili ya kanisa la Belém. Kazi ilimalizika mwaka 1506, na chombo hicho kingalipo leo katika jumba la makumbusho la Lisbon, kimejaa nakshi za ajabu. Watu hukitazama wakamsifu mfalme aliyekiagiza na sonara aliyekitengeneza. Lakini ile dhahabu ilikuwa na umbo gani ilipokuwa Kilwa, na ilipita mikononi mwa nani, chombo hakisemi. Moto uliifuta habari hiyo yote. Na hilo lililoipata dhahabu ya Kilwa ndilo lililozipata pete nyingi za bibi zetu: zilirudi kwenye makaa, zikatoka na sura nyingine.

Katika karne ya 19 sarafu iliyopendwa kuliko zote na masonara wa pwani ilitoka mbali sana, katika nchi ya Austria. Upande mmoja ina sura ya malkia Maria Theresa, na upande wa pili ina tai mwenye vichwa viwili. Malkia huyo alifariki mwaka 1780, na sarafu zote za namna hiyo zilizogongwa baada ya kufa kwake zimeandikwa mwaka huo huo, hata zile zilizogongwa katika karne ya 20 katika miji kama London, Rome na Bombay. Watu wa Uhabeshi, Yemeni, Omani na pwani yetu waliizoea sura hiyo, hawakutaka nyingine. Kwetu iliitwa reale ya Sham.

Sababu ya mapenzi hayo haikuwa uzuri wa malkia. Reale ile ilikuwa na uzito wa gramu 28 na kidogo, na katika kila sehemu 1,000 za uzito huo, sehemu 833 zilikuwa fedha tupu na zilizobaki shaba. Vipimo hivyo havikubadilika mwaka hata mwaka. Tena ukingo wake ulikuwa na maandishi yaliyoinuka, kwa hiyo mwizi hakuweza kuupunguza kwa tupa bila kuacha alama. Uaminifu wake ulikuwa mkubwa hata sarafu ikawa kipimo: wakia moja katika masoko ya Unguja ilikuwa ni uzito wa reale moja, na wakia 16 zilifanya ratli. Sonara aliyeweka reale katika kitanga kimoja cha mizani alijua kwa hakika ameweka nini.

Wateja nao walijua. Aghalabu mtu aliyetaka pete, kikuku au mtali hakwenda kununua kitu kilichokwisha kutengenezwa. Alichukua reale zake mwenyewe akampelekea sonara, akampa na ujira wa kazi. Desturi hii ilikuwa na mashiko katika dini pia, kwa sababu sheria ya Kiislamu yakataza kubadilishana fedha kwa fedha kwa uzito usiolingana. Fedha ilikuwa ya mteja. Jasho lilikuwa la fundi. Na kila kimoja kilihesabiwa peke yake. Wanaume wa Kiislamu, ambao dini yao haiwaruhusu kuvaa dhahabu, walivaa pete za fedha, wakikumbuka kwamba Mtume Muhammad alikuwa na pete ya fedha iliyochorwa jina lake, ambayo aliitumia kama muhuri wa barua zake. Kwa wanawake mapambo ya fedha yalikuwa mali yao wenyewe. Katika shida yaliweza kuuzwa kwa uzito wake; katika neema yaliweza kuyeyushwa yakafanywa mapya.

Sasa natukae karibu na sonara tuitazame kazi yake. Kwanza huitia reale katika chungu kidogo cha udongo, huifunika makaa, na mvukuto huanza kuvuma. Fedha tupu huyeyuka katika joto la digrii 961. Ile iliyochanganywa na shaba, kama ya reale, huyeyuka kabla ya kufikia hapo. Huimimina katika kalibu yenye mfereji mwembamba, na hapo sura ya malkia na tai wake hupotea milele. Kijiti cha fedha kinachopatikana hupigwa nyundo juu ya fuawe mpaka kirefuke na kuwa bapa. Lakini fedha ikipigwa sana huwa ngumu, na fundi asiye na subira huiona ikipasuka. Kwa hiyo kila baada ya muda hurudishwa motoni mpaka iwe na wekundu hafifu, kisha huachwa ipoe, ikalegea tena. Katika kazi hii methali ya haraka haraka haina baraka si maneno ya mapambo. Ni kanuni ya karakana.

Urefu wa kipande hupatikana kwa hesabu ambayo kila mwanafunzi aijua. Ikiwa kipenyo cha ndani cha pete ni milimita 18, na unene wa fedha ni milimita 2, tunajumlisha tupate 20, kisha tunazidisha kwa 22 na kugawanya kwa 7. Jawabu ni karibu milimita 63. Sonara wa zamani hakuandika hesabu hiyo. Alizungusha uzi kwenye kidole cha mteja, akaongeza unene wa fedha kwa jicho lililozoea, akafika pale pale.

Kipande hukatwa, hukunjwa juu ya mti wa mviringo uliochongwa mwembamba nchani na mnene shinani, mpaka ncha mbili zikutane. Hapa ndipo penye roho ya kazi yote. Ncha zile sharti zipigwe tupa mpaka zilingane kabisa, hata ukiinua pete juani usione mwanga kati yake. Lehemu si udongo wa kuzibia ufa. Lehemu hupita mahali pembamba, ikivutwa na joto, kama maji yanavyopanda katika utambi; palipo na pengo kubwa haishiki, na ikishika haidumu.

Lehemu yenyewe ni nini? Ni fedha iliyochanganywa na shaba na zinki kidogo, ili iyeyuke kabla ya pete. Jambo hili lina ajabu yake. Shaba tupu huyeyuka katika digrii 1,085, joto kubwa kupita la fedha. Mtu angedhani kwamba fedha ikitiwa shaba itahitaji moto mkali zaidi. Kumbe sivyo. Ukichanganya sehemu 72 za fedha na sehemu 28 za shaba, mchanganyiko huo huyeyuka katika digrii 780, chini ya fedha na chini ya shaba. Zinki ikiongezwa, joto hushuka zaidi. Masonara wa kale hawakuwa na kipimo cha kuwaambia digrii. Waliyajua haya kwa kujaribu, kwa kukosea, na kwa kufundishwa na waliowatangulia.

Fundi hupaka boraksi mahali pa kuungwa, ili moto usilete utando mweusi utakaoizuia lehemu kutambaa. Huweka vipande vidogo vya lehemu, vidogo kama punje za mtama, kisha huuelekeza ulimi wa moto kwa kupuliza mrija. Huipasha pete nzima moto kwanza, wala si lehemu peke yake. Kwa kitambo kidogo hapatokei kitu. Halafu ghafula mstari mwembamba ung'aao hupita katika kiungo, na papo hapo fundi hana budi kuuondoa moto. Akichelewa kidogo tu, pete yenyewe itayeyuka, na kazi ya mchana mzima itakuwa donge.

Baada ya hapo pete husafishwa kwa kitu kikali kama maji ya ndimu, hupigwa tupa nje na ndani mpaka kiungo kisionekane, husuguliwa kwa msasa, na mwisho hung'arishwa kwa kitambaa na unga laini. Kazi ya tupa yahitaji mkono mwepesi. Tupa ikielemea upande mmoja, pete itakuwa nyembamba pale na nene kwingine, na kasoro hiyo hairudi nyuma, kwa kuwa fedha iliyokwisha kuondolewa haiwezi kurudishwa.

Nimeieleza kazi hii kirefu kwa sababu ndani yake mna jambo zito kuliko ufundi. Fikiri kidogo, ewe msomaji. Mteja alileta fedha yake iliyojulikana uzito wake. Fundi akaiyeyusha, akaitia lehemu ambayo ni madini duni, kisha akaipiga tupa, na kila pigo la tupa likaangusha unga wa fedha. Fundi asiye mwaminifu angeweza kuongeza shaba katika chungu, au kutia lehemu kwa wingi mahali pasipohitaji, au kuukusanya ule unga akauficha. Pete ingeng'aa vile vile. Mizani ingeweza kuonyesha uzito ule ule. Mteja angetoka akiifurahia, na pengine asingejua mpaka siku ya shida atakapoipeleka kuuzwa. Ndiyo maana sonara mwema alitandika ngozi au kitambaa chini ya kazi yake, akaukusanya unga wote, na wa kumrudishia mteja akamrudishia. Na ndiyo maana katika mji mdogo jina la sonara lilikuwa na thamani kuliko vyombo vyake vyote. Fundi alijua siri ya kiungo, na mteja hakuijua. Amana ilikuwa pale pale ambapo jicho halikuweza kufika.

Kisha zamani zikabadilika, na sarafu nazo. Katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki zilizokuwa chini ya Uingereza, rupia ya Kihindi ilitumika hadi mwaka 1920. Nayo ilikuwa fedha njema: uzito wa tola moja, yaani gramu 11.66, na sehemu 917 katika 1,000 zikiwa fedha tupu. Lakini shilingi zilizoanza kugongwa mwaka 1921 zilikuwa na robo tu ya fedha, na zilizobaki zilikuwa madini nyingine. Mwaka 1948 hata ile robo ikaondolewa. Kwa watu wa soko hapakuwa na tofauti kubwa, maana shilingi iliendelea kununua vitu. Kwa sonara ilikuwa kama kisima kukauka. Sarafu ya mkononi haikuwa tena madini ya kazi, na neno fedha likaanza kuwa na maana mbili zilizotengana.

Hata hivyo ufundi haukufa. Katika mji wa Lamu, ambao mji wake wa kale uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001, mafundi wa fedha wangaliko, na wanajulikana kwa pete za namna ya peke yake. Mahali pa kito huweka kigae cha chombo cha kale cha Kichina, cheupe chenye maua ya samawati. Vyombo hivyo vililetwa pwani kwa biashara kwa muda wa karne nyingi. Vilivunjika, na vipande vyake vikabaki katika magofu na fukwe. Fundi hukisaga kigae mpaka kiwe laini ukingoni, hufanya ukanda mwembamba wa fedha wa kukizunguka, huulehemu ukanda huo juu ya pete, kisha huuinamisha ukishike kigae kisianguke. Mkono wa Lamu waunganisha udongo wa China na madini yaliyozunguka dunia.

Pete hizo ni nzuri, lakini zina swali ndani yake. Kigae kilichoko ardhini katika gofu ni shahidi. Mchimbaji mwenye elimu akikikuta mahali pake, aweza kujua ukuta ule ulijengwa lini, na watu wa nyumba ile walifanya biashara na nani. Kikiokotwa na kuwekwa katika pete, hubaki uzuri wake tu, na ushahidi hupotea, kama dhahabu ya Kilwa ilivyopotewa na habari zake katika moto. Kwa sababu hii sheria ya Kenya ya mwaka 2006 juu ya makumbusho na urithi wa taifa yayalinda mabaki ya kale. Sahani ya jikoni iliyovunjika jana yaweza kufanya pete njema bila kuunyamazisha mji wa kale. Fundi atafutaye riziki na mwanachuoni atafutaye habari wote wana haki yao. Kazi yetu ni kuhakikisha kwamba mmoja hamnyang'anyi mwenziwe.

Basi ukipata siku moja kuishika pete ya zamani, labda katika jumba la makumbusho, labda katika kisanduku cha bibi yako, usiitazame kwa upande wa nje tu. Igeuze, utazame ndani. Huko tupa haikupita kwa uangalifu ule ule, na mara nyingi utaona mstari hafifu wenye rangi iliyotofautiana kidogo na fedha. Hapo ndipo ncha mbili zilipokutana. Hapana jina la fundi, wala mwaka, wala mji. Lakini ikiwa mstari ni mwembamba na imara baada ya miaka mingi ya kuvaliwa, umekwisha kujua jambo moja la hakika juu ya mtu huyo: alipokuwa peke yake na moto wake, mahali ambapo hapana aliyeweza kumwona, alifanya kazi yake kwa haki. Wahenga walikisifu chanda chema, na walifanya vema. Sisi tukumbuke kwamba kabla ya chanda chema kuvikwa pete, palikuwa na mkono mwema ulioifua.